Kengele ya Geti Imezimwa

Geti lilimkubali Afande alipoliinamia mara ya tatu. Mara ya kwanza lilimwambia asogee karibu. Mara ya pili lilimwambia asogee nyuma. Mara ya tatu, akiwa amekwisha litupia tusi moja la kizamani la kambini, likafunguka kwa sauti tamu na kumkaribisha kwa jina la mtu mwingine.

"Karibu nyumbani, Mhasibu."

"Mhasibu ndiye bwana wako," Afande alilijibu, akapita akivuta goti la kushoto.

Alikuwa mwanamke aliyestaafu upelelezi zamani, akabaki na magoti mabovu, mkoba wa ngozi uliopauka, na cheo ambacho watu walikataa kumvua. Fundi viatu alimwita Afande. Daktari wake alimwita Afande. Mumewe, Mungu amrehemu, alikufa akimwita Afande, na wala hakuwa anatania.

Mhasibu mwenyewe alikuwa amesimama sebuleni, tai imemkaba, simu mkononi. Nyumba nzima ilikuwa inapepesa macho: kitone chekundu juu ya televisheni, cha kijani chini ya meza, cha buluu kwenye pembe ya dari. Feni iligeuka kumtazama mgeni. Afande alikanyaga alichodhani ni kizulia cha kufutia miguu, kikamtajia uzito wake kwa sauti, pamoja na nukta.

"Hilo haliingii kwenye maelezo yangu," Afande alisema, akashuka.

Mhasibu hakucheka. Haikuwa siku yake ya kucheka.

"Jambo lenyewe ni fupi, Afande. Mama yangu ana ugonjwa wa kusahau. Juzi mchana alitoka peke yake. Akavuka ile barabara ya malori, kwa ndala, mpaka ng'ambo kwa kinyozi. Kinyozi ndiye aliyenipigia simu."

"Alikuwa anafanya nini kwa kinyozi?"

"Amekaa kwenye benchi na wanaume, anangoja zamu."

"Ya kunyolewa?"

"Afande, tafadhali."

Geti lile, alieleza, lina kengele. Mtu akilifungua kwa ndani bila ruhusa, king'ora kinalia nyumba nzima na simu zote zinapiga kelele. Juzi hakikulia kitu. Badala yake alipata ujumbe mmoja tu, akiwa ofisini. Alimsogezea Afande simu mpaka karibu imguse pua.

*Kengele ya geti imezimwa.*

"Soma mwenyewe," alisema. "Haisemi imeharibika. Haisemi imekufa. Imezimwa. Na kitu hakizimwi bila mzimaji. Humu ndani walikuwa wawili, Mama na Nesi. Mama hajui hata simu inashikwa upande gani."

Nesi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na begi lake limefungwa liko miguuni pake. Hakuwa nesi wa hospitali. Alikuwa msichana mwenye mikono mipole aliyeletwa na ofisi ya wafanyakazi wa nyumbani kumtunza Bibi, jina likamganda. Macho yake yalikuwa mekundu lakini kidevu chake kilikuwa juu.

"Ofisi iliyomleta inataka ushahidi kabla ya kumfuta," Mhasibu aliendelea kana kwamba msichana hayupo. "Nataka unionyeshe alivyofanya. Jioni nipate jibu. Kesho asubuhi gari la nyumba ya wazee linakuja kumchukua Mama, maana sina tena mtu wa kumwachia."

Afande aliuma midomo. Aliitwa mara nyingi kutafuta jibu. Kuitwa kulipamba jibu ambalo mtu amekwisha kulichagua kulimkera kuliko magoti.

Hapo Bibi akaingia. Alikuwa mdogo wa umbo, amejifunga khanga, kishungi cha mvi kimechomoza kwenye kitambaa cha kichwa. Alipita kando ya ukuta bila haraka, na kila alipofika kwenye swichi alibonyeza. Pa. Taa ya sebule. Pa. Taa ya korido. Jua la mchana lilikuwa limejaa chumba kizima, na yeye anawasha taa.

Mhasibu alimfuata nyuma akizima, swichi kwa swichi, uso umemnyong'onyea.

"Unaona? Ndio ugonjwa wenyewe. Jua kali hivi!"

Bibi alimtazama Afande kutoka viatu hadi kichwani. "Wewe ni nani?"

"Shikamoo, Mama. Mimi naitwa Afande."

"Marahaba. Umekuja kumkamata nani?"

"Bado sijajua."

"Ukijua uniambie," Bibi alisema. "Humu ndani hatuna hata udaku." Akaenda kukaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akafumba macho.

Afande alimhoji Nesi jikoni, na haikuwa kazi rahisi, kwa sababu friji nayo ilitaka kuhojiwa.

"Kengele ilipozimwa ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nilikuwa napika uji wa Bibi."

"Na simu yako?"

"Chumbani. Kwenye chaja."

"Maziwa yamebaki kidogo," friji ilisema.

"Nyamaza wewe," Afande aliiambia, kisha akamgeukia msichana. "Mwanangu, bosi wako amenionyesha kwamba muda ule ule simu yako ilifungua apu ya nyumba. Simu ilijifungua yenyewe kwenye chaja?"

Nesi alianza kuupanguza mwiko uliokuwa mkavu. Aliupanguza mbele, akaupanguza nyuma.

"Nikuulize mara ngapi?" Afande alisema. "Ukinidanganya kwa dogo, na kubwa sitaliamini. Hivi sasa umekalia kuti kavu, na mimi ndiye niliye chini nimeshika ngazi."

"Nilikuwa nayo mkononi," Nesi alisema, machozi yakimtoka kwa hasira zaidi ya huzuni. "Nilikuwa naongea na mchumba wangu. Kwa picha. Bosi hataki tutumie waifai kwa mambo yetu. Lakini hata sikuongea! Kila nikimwita anaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba, kama samaki wa sokoni. Nikakata."

"Anaganda siku zote?"

"Siku hizi. Zamani alikuwa mzima."

"Na apu?"

"Bibi alikuwa amewasha taa zote za nyumba. Nimechoka kumfuata ukuta kwa ukuta, Mama. Nikazizima kwa simu zote kwa mkupuo. Taa tu! Kengele sikuigusa, naapa. Nikarudi kwenye uji. Nilipoupeleka, kiti cha Bibi kitupu."

Ilikuwa hadithi mbaya. Ilimpa Nesi simu mkononi, apu wazi, na sababu ya kutomwangalia mzee, vyote kwa wakati mmoja. Mwongo mwenye akili angetunga nzuri zaidi. Afande aliipenda kwa ubaya wake huo huo.

Alikwenda getini na bisibisi ya jikoni. Kengele ilikuwa kidude cheupe, kidogo kama sabuni ya hoteli. Alikifungua mgongo, akachomoa betri, akangoja. Ndani ya nyumba simu ya Mhasibu ikalia.

"Inasemaje?" aliuliza kwa sauti.

"Kengele ya geti imezimwa!" Mhasibu alijibu kutoka dirishani. "Unafanya nini?"

Afande alirudishia betri. Akaingia ndani, akang'oa waya wa feni kwenye soketi.

"Na sasa?"

"Feni imezimwa."

Alichukua ile mizani aliyoidhani kizulia, akaitia ndani ya friji ili waifai isiifikie, akafunga mlango. Walingoja. Friji ililalamika. Kisha simu ikalia.

"Mizani imezimwa," Mhasibu alisoma, sauti imeanza kupungua.

"Nani ameizima? Mimi sikuizima, nimeifungia tu. Hiyo apu yako, aliyeifundisha Kiswahili aliifundisha neno moja. Kitu kikikatika, imezimwa. Kikipotea, imezimwa. Kikifa, imezimwa. Haijui imezimika. Wewe unamfukuza mtoto wa watu kwa herufi mbili."

Mhasibu alikuwa mtu wa hesabu, na alijua kushindwa nusu. "Sawa. Labda haikuzimwa. Lakini juzi haikulia. Na betri yake ilikuwa nzima, nimeipima. Kama si Nesi, ni nini?"

Afande alitundika mkoba wake begani. "Nani aliyekufungia haya madude?"

"Kasi. Ana duka karibu na benki. Juma lililopita ndio alimalizia taa."

Kasi hakuitwa hivyo kwa sababu ya miguu. Aliitwa hivyo kwa sababu ukimwuliza chochote, hata choo kiko wapi, atakujibu kwa habari ya kasi. Duka lake lilikuwa na mlango wa kioo na maboksi mpaka darini, na kila boksi lina picha ya watu wanaocheka.

"Nataka ruta," Afande alisema. "Ya nyumba yenye vitu vingi vya waifai."

"Umefika, mama mkubwa! Hii hapa. Antena sita. Kasi yake, ukipiga chafya hapa, picha imeshafika ng'ambo."

"Sikuuliza chafya. Inabeba vitu vingapi kwa wakati mmoja?"

"Hii inabeba nyumba nzima."

"Nyumba si idadi."

"Nyumba ya ghorofa mbili!"

"Ghorofa ndizo zinazoshika waifai?"

Kasi alicheka peke yake. Afande aligeuza boksi, akaweka miwani. Kulikuwa na baba, mama na watoto wawili, kila mmoja na simu, wanafurahi kana kwamba wamesamehewa deni. "Hawa wanne nimewaona. Feni yao iko wapi? Geti lao? Friji yao inayodai maziwa?"

"Aah, basi unataka mashine ya wakubwa." Alishusha boksi lingine, jeusi, antena nane zimesimama kama buibui aliyeanguka chali. "Hii ina njia mbili. Moja ya kawaida, moja ya kasi ya ajabu. Humu, sinema nzima..."

"Balbu za waifai zinapita njia ipi?"

"Eeh... ile ya kawaida."

"Kengele ya geti?"

"Ya kawaida."

"Feni? Soketi?"

"Hivyo vidogo vyote vinapita ya kawaida, mama yangu. Havijui ile nyingine."

"Kwa hiyo unaniuzia barabara pana ambayo mzigo wangu haukanyagi."

"Lakini simu zitapita!"

Afande aliliweka boksi chini taratibu, kwa sababu alijisikia kulitupa. Alikuwa amewahoji wezi wa magari waliojibu vizuri kuliko huyu. Akavuta kiti pekee kilichokuwa dukani, akakiweka katikati ya mlango, akakalia, akakumbatia mkoba wake. Mteja mmoja alikuja, akachungulia kupitia kioo, akaona mgongo ule, akaenda zake.

"Tuache ya kununua," alisema. "Ile iliyoko kwa Mhasibu sasa. Inabeba vingapi?"

Kasi aligundua ghafla kwamba rafu yake ina vumbi. "Ile siyo yangu. Ile alipewa bure na kampuni ya mtandao walipomwunganishia."

"Vingapi?"

"Inategemea, mama."

Afande akanyamaza. Kunyamaza ndiyo silaha pekee aliyoondoka nayo kazini bila kuirudisha stoo. Alimtazama Kasi kati ya nyusi, pale ambapo jasho huanzia. Mteja wa pili akachungulia, akaenda.

"Thelathini na mbili," Kasi alisema.

"Na kabla ya hizi taa, alikuwa na vitu vingapi?"

"Kama ishirini hivi, ukitia na simu."

"Taa ulimfungia ngapi?"

"Dazeni na nusu."

Hata mtu aliyeishia shule ya msingi anajua kujumlisha hapo. "Sasa vile vya ziada vinakaa wapi?"

"Vinabaki nje. Kila kitu kinataka kiti chake kwenye ruta. Viti vikijaa, anayekuja hapokelewi mpaka mmoja aondoke."

"Kengele ya geti ilikuwapo kabla ya taa. Ilinyimwaje kiti chake?"

Kasi alishusha pumzi. "Kengele ile inatumia betri. Ingekaa macho siku nzima, betri ingekwisha upesi. Basi inasinzia. Inaamka, inaripoti, inasinzia tena. Ikisinzia, kiti chake kinahesabiwa kitupu."

"Inarudi inakuta balbu imekaa."

"Ndiyo, mama."

"Na balbu haisinzii?"

"Isinzie ya nini? Ina umeme wa ukutani. Hata ukiizima kwa simu, umezima mwanga tu. Yenyewe ndani iko macho, inangoja amri. Mpaka uizime ukutani ndio inaachia kiti."

Afande alivua miwani. Mchumba anayeganda kama samaki. Mhasibu anayezima ukutani, na Nesi anayezima kwa simu. Taa zilizofumba macho lakini hazikulala.

"Ulilijua hili?"

"Niliona siku ile ya kufunga. Nilipowasha taa zote, kengele ikakatika. Nilikusudia kumwambia."

"Lini?"

"Akija kununua ruta," Kasi alisema, na angalau alikuwa na haya ya kutazama chini.

"Msichana wa watu anafukuzwa leo kwa ajili ya kusudio lako. Simama. Nipe ruta inayobeba. Usinitajie kasi. Ukinitajia kasi nitahamia humu ndani."

Kasi alipanda ngazi mpaka rafu ya juu kabisa, akashuka na boksi la kahawia lisilo na familia yoyote. Ndani mlikuwa na kisanduku butu, cheupe, kama sahani ya kufunikia chai. Hiki, alieleza kwa sauti ya mtu anayekiri dhambi, kinabeba vitu mia moja na ishirini na nane, na njia yake ya kawaida haielemewi na vile vidogo. Vitu vya nyumba vinapewa mtandao wa jina lao, simu na wageni jina jingine, wasikanyagane.

"Mbona umekificha huko juu?"

"Hakina antena, mama. Watu hawanunui kitu kisicho na antena. Wanaona wameibiwa."

"Beba," Afande alisema. "Unakuja nacho. Na bado usikifunge mpaka nikuambie."

Aliwapanga sebuleni kama watu wa kupigwa picha. Mhasibu katikati, simu mkononi. Nesi mbele yake, mikono kichwani, ili pasiwe na neno. Kasi pembeni, boksi kifuani. Bibi alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, hakuna aliyempanga.

Afande alizunguka nyumba akiwasha taa zote ukutani. Korido, vyumba, choo, stoo, varanda. Jua lilikuwa bado kali na nyumba ikang'aa kipumbavu. Kisha wakangoja.

Hakikutokea kitu. Mhasibu alitazama saa. Friji ikataja maziwa. Goti la Afande likaanza kupiga, na akaanza kuwaza kwamba labda Kasi amedanganya hata pale alipokiri.

"Afande," Mhasibu alisema, "kwa heshima zote..."

Simu ikalia.

Afande hakuitazama simu. Ni mazoea ya kazi: kishindo kikitokea, tazama watu. Nesi alifumba macho. Kasi alimeza mate. Na Bibi, kabla simu haijamaliza mlio wake, alikuwa amekwisha simama, ndala miguuni, mkoba mdogo umening'inia mkononi.

Bibi akagongana macho na Afande. Akaketi tena, polepole, akavuta khanga juu ya mkoba.

"Kengele ya geti imezimwa," Mhasibu alisoma. "Nani... nani ameizima?"

"Nenda kafungue geti."

Alikwenda. Alilifungua, akalifunga, akalifungua tena kama mtu anayeubembeleza mlango. Kimya. Afande alimruhusu Nesi ashushe mikono na kuzima taa zote kwa simu. Nyumba ikarudi kwenye mwanga wake wa kawaida, na Mhasibu akafungua geti mara nyingine. Kimya. Ndipo Afande akazunguka na kuzizima ukutani, wakangoja kengele iamke usingizini, na Mhasibu alipogusa geti, king'ora kililia mpaka Kasi akaangusha boksi.

"Juzi," Afande alisema masikio yalipotulia, "taa ziliwashwa ukutani. Nesi akazizima kwa simu, akaona amemaliza. Zikabaki macho, zimekalia kiti cha kengele. Ruta yako ni ndogo, taa ulizinunua mwenyewe, na huyu bwana alijua akanyamaza. Huo ndio ushahidi ulioutaka. Upeleke ofisini."

Mhasibu alilegeza tai kwa mara ya kwanza. Alitazama begi la mlangoni. "Nesi... basi rudisha begi chumbani."

"Ndiyo samahani hiyo?" Bibi aliuliza kutoka dirishani, macho yamefumba.

Mhasibu alikohoa. "Samahani, dada. Nilikukosea. Nilikukosea sana."

"Nimesikia, bosi," Nesi alisema. Hakusema amesamehe. Alibeba begi lake ndani, kichwa juu, na alipopita karibu na Kasi alimkanyaga, na haikuonekana kama bahati mbaya.

Mhasibu akampigia mtu wa nyumba ya wazee, akatoka varandani ili asisikike. Kasi alipanda kwenye stuli kufunga kisanduku kipya. Afande alivuta kiti, akaketi karibu na Bibi, wawili wakatazama nje kama abiria wasiojuana.

"Ulikuwa unakwenda wapi, Mama, simu ilipolia?"

"Mimi? Sikumbuki. Nina ugonjwa wa kusahau."

"Na mkoba?"

"Mkoba gani?"

"Mama, nimefanya kazi hii miaka mingi. Wanaosahau hutoka na kiatu kimoja. Wewe ulisimama na ndala zote mbili, na mkoba mkononi."

Bibi alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule usioonekana kutoka varandani. "Nasahau majina," alisema. "Nasahau kama nimekula. Jana nilimwita mwanangu kwa jina la babake. Hayo ni kweli, na yananiuma. Lakini swichi si jina la mtu. Yule," alinyoosha kidevu kumwelekea Kasi, "siku ya kufunga taa alisimama hapa hapa akaongea na mwenzake kwenye simu. 'Nikiwasha zote, kengele ya geti inakata.' Mbele yangu, kama mimi ni kabati. Usione, binti, mbele ya kabati watu husema mengi."

"Na kwa kinyozi kuna nini?"

"Kuna benchi. Kuna watu wanabishana. Juzi walikuwa wanabishana iwapo mbuzi huota ndoto au haoti." Macho yake yaling'aa. "Humu kila kitu kinasema, lakini hakuna kinachojibu. Friji nimeiambia habari za ujana wangu, ikaniambia maziwa yamekwisha."

Afande hakucheka, ingawa ilimgharimu. "Msichana alikuwa anafukuzwa kwa ajili yako."

Tabasamu la Bibi likafifia. Alisokota pindo la khanga muda mrefu. "Hilo sikuliwaza," alisema. "Leo nilipoona begi, nilitaka kwenda kukaa kwa kinyozi mpaka mwanangu aje anichukue, nimwambie ni mimi, mbele za watu, asiniite mgonjwa. Nilikuwa nangoja kengele ilale."

"Barabara ile ina malori, Mama. Dereva wa lori haangalii apu."

"Najua."

"Nikimwambia mwanao Nesi akupeleke kila mchana, mkono kwa mkono, kwenda na kurudi, utaacha swichi?"

"Mpaka kwenye benchi? Siyo kuishia getini?"

"Mpaka kwenye benchi."

"Nitaacha," Bibi alisema. "Nikikumbuka."

Mhasibu alirudi. Gari halitakuja, alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. Afande alimweleza la benchi kwa maneno machache, kama agizo la daktari, na hakutaja mkoba wala kabati. Alitazama simu ile mezani, ujumbe ukiwa bado unang'aa, akacheka kimoyomoyo. Imezimwa. Ameisema vibaya mashine ya watu siku nzima, kumbe juzi, kwa mara hiyo moja, haikukosea neno.

"Tayari!" Kasi aliita kutoka kwenye stuli. Kisanduku kipya kilipepesa jicho moja jeupe. Kimoja baada ya kingine, vitu vyote vya nyumba vikajitangaza kwenye simu. Mhasibu akawasha taa zote, akafungua geti, na king'ora kikalia vizuri kabisa. Alikaribia kulia naye.

Bibi alikitazama kile kisanduku kwa muda. "Hiki kipya," alimwuliza Kasi kwa upole, "kinabeba vingapi?"

"Mia moja na ishirini na nane, Bibi!"

Vidole vya Bibi vikaanza kutembea juu ya khanga, kimoja kimoja, na midomo yake inacheza. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Baba, nyumba hii bado ina giza. Niongezee taa."

Mhasibu alipiga goti mbele ya kiti. Ilikuwa miezi mingi tangu mama yake amwombe kitu. "Utapata, Mama. Sema tu. Ngapi?"

"Anza na mia."

Afande alikohoa kwa nguvu, akamkazia macho. Bibi akamgeukia na uso mkunjufu usio na hatia, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Wewe ni nani?" aliuliza.